Pikipiki ya Zamani Dar: Uirudishe Kama Ilivyotoka Kiwandani au Uibadili? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukiegesha pikipiki ya zamani Dar es Salaam, iwe Mwenge, Kariakoo au kwenye foleni ya pantoni Kivukoni, hukai muda kabla hujaulizwa. Maswali ni yaleyale, na hapa yamekusanywa pamoja na majibu. Majibu yana msimamo wake: usikate chuma ambacho huwezi kukirudisha, mpaka uwe na uhakika unachotaka. Fundi wako akibisha, msikilize naye.

Pikipiki ya zamani ni ipi hasa?

FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, linakihesabu chombo kuwa cha kihistoria kikitimiza miaka 30 na kikiwa kimetunzwa katika hali yake sahihi. Kwa umri peke yake, hata Honda ya 1994 imeshaingia.

Hapa mjini utakutana na makundi matatu. La kwanza ni la Waingereza: BSA, Triumph, Royal Enfield. Ni chache, na nyingi zimelala stoo zikiwa vipande. La pili ni Vespa. La tatu, ambalo ndilo kubwa, ni la Wajapani wa miaka ya 1970 hadi 1990: Honda XL125S na XL185S, Honda CG125, Yamaha DT125 na AG100, Suzuki TF125. Hizi ndizo alizopanda bwana shamba, padri, mratibu elimu na watu wa miradi ya maji. Nyingi zinazofufuliwa Dar leo zilishuka kutoka mikoani juu ya lori, zimefungwa kamba katikati ya magunia.

Boxer na SanLG za bodaboda bado. Siku yao itafika.

Kuna njia mbili tu, kurudisha au kubadili?

Kurudisha ni kuifanya iwe kama siku ilipotoka kiwandani: rangi ile, bolti zile, kabureta ile, mpaka stika. Kubadili ni kuichukua kama msingi na kujenga unachotaka wewe: kafe resa yenye usukani wa chini, skrambla ya barabara mbovu, chopa yenye shokapu ndefu za mbele, au kitu ambacho hakina jina.

Watu wanasahau njia ya tatu, nayo ni kuiacha. Unatengeneza breki, unasafisha kabureta, unaweka matairi mapya na waya salama, lakini rangi iliyofifia na siti iliyochakaa unaziacha kwa sababu ndizo ilizokuja nazo. Rangi ya kiwandani ikishakwanguliwa imekwenda. Unaweza kupaka nyingine nzuri kuliko ile, lakini itakuwa nyingine. Kama XL ya padri bado ina jina la parokia ubavuni mwa tangi, usiipeleke kwa fundi rangi.

Na ile keria ya nondo iliyochomelewa nyuma ili kubebea madumu ya maziwa? Kiwandani haikuwepo, hilo kweli. Lakini kama imekaa miaka thelathini na haijapinda fremu, mimi ningeiacha. Wengine wataikata siku ya kwanza.

Kaka, nimerithi XL ya baba. Imekaa stoo miaka mingi. Nianze na nini?

Anza kwa kutoipiga kiki. Ringi za pistoni huenda zimeshikana na silinda kwa kutu, na kiki moja ya hasira inaweza kuvunja ringi au kukwangua silinda nzima. Fungua plagi, mimina oili kidogo ndani, iache siku kadhaa, kisha izungushe injini taratibu kwa mkono.

Wakati oili inafanya kazi yake, piga picha. Piga kila upande, kila waya unapoingia, kila bolti mahali pake. Andika namba ya chesi na namba ya injini. Tafuta kadi ya usajili. Waulize wazee nyumbani ilinunuliwa wapi na nani aliipanda, maana hayo hayapo dukani.

Usiioshe kwa mashine ya maji ya kasi. Usiipake chochote. Usimruhusu mtu yeyote aondoke na kifaa kimoja akisema anakwenda kutafuta mfano wake.

Nitajuaje ipi inafaa kurudishwa na ipi ibadilishwe?

Wengi wanaangalia injini: ikiwaka inarudishwa, isipowaka inabadilishwa. Mimi naona ni kinyume. Injini ndiyo sehemu rahisi. Silinda inakerezwa, pistoni ya saizi ya juu inatafutwa (kwa kawaida zinapanda kwa milimita 0.25, mpaka 1.00), beringi zinapatikana kwa namba, na gasketi fundi mzuri anakukatia mezani.

Vinavyoamua ni vile ambavyo hakuna mtu anayevitengeneza hapa: tangi la mafuta, vifuniko vya ubavuni vya plastiki, kioo na bakuli la taa ya mbele, saa ya mwendo, ekzosi, madigadi. Pikipiki yenye vitu hivi vyote, hata kama injini imekufa kabisa, irudishe. Pikipiki inayowaka vizuri lakini ina tangi la Mchina, siti ya Boxer na taa ya duara ya kuokoteza, hiyo tayari mtu alishaanza kuibadili kabla yako. Endelea naye bila kujilaumu.

Kigezo kingine ni namba. Namba ya injini na ya chesi zikiwa zile zilizoandikwa kwenye kadi ya kwanza, fikiria mara mbili kabla ya kuzitenganisha.

Kigezo cha mwisho hakina spana: ni ya nani? CG125 uliyonunua mnadani haikudai chochote. Ile aliyokufundishia baba yako kuendesha ina watu wengine wenye sauti ndani yake, pamoja na mama yako na shangazi zako, na hao utawasikia vizuri siku ukirudi na chopa.

Kubadili si ndiyo kuiharibu?

Inategemea unakata nini. Usukani, siti, taa, matairi, ekzosi, hata gurudumu zima, ukivifungua na kuvihifadhi kwenye boksi, pikipiki inaweza kurudi kama ilivyokuwa kwa wikiendi mbili. Lakini ukipitisha grainda nyuma ya fremu ili siti ya kafe resa ikae vizuri, ukakata vishikio vya madigadi na kuchomelea bomba lililopinda, hapo hakuna kurudi. Hesabu ya kwanza ni ladha. Ya pili ni uamuzi unaomfunga kila atakayeimiliki baada yako.

Tena kubadili nako kuna historia yake. Vijana wa London wa miaka ya 1950 na 1960, wale wa kijiwe cha Ace Cafe, walichukua injini ya Triumph wakaiweka kwenye fremu ya Norton iliyoitwa Featherbed, kwa sababu ile injini ilikuwa na nguvu na ile fremu ilikuwa imara kwenye kona. Wakaiita Triton. Leo Triton zilizojengwa enzi zile zinatunzwa na wakusanyaji, na anayetaka kuitenganisha arudishe Norton na Triumph mbili za kiwandani atabishiwa na watu wengi.

Kinachoniudhi mimi ni kitu kingine: pikipiki iliyokuwa kamili inakatwa kwa ajili ya picha, fedha zinaisha katikati, na inauzwa kama vyuma chakavu. Kama unataka kubadili, tafuta ambayo haijakamilika. Zipo nyingi kuliko zilizokamilika.

Naweza kuweka injini ya Mchina au ya Boxer?

Kama ni Honda CG125, jibu ni jepesi kidogo. Honda waliitoa CG125 mwaka 1976 kwa ajili ya nchi ambazo matengenezo ni ya shida, wakaipa injini ya fito zinazosukuma vali badala ya cheni ya kamshafti (mhimili unaofungua vali) iliyo juu. Wachina wakaiiga muundo wake, na mpaka leo pikipiki nyingi zinazobeba abiria mjini zina injini ya ukoo huohuo. Kwa hiyo sehemu za kufungia hukaribiana sana, na fundi yeyote wa bodaboda anaijua kwa macho yaliyofungwa.

XL ni habari nyingine. Injini yake ina kamshafti juu, umbo lake ni tofauti, na sehemu za kufungia haziendi pamoja. Kuiweka ya Boxer kunahitaji kukata na kuchomelea vishikio vipya, kuhakikisha sproketi ya mbele iko kwenye mstari mmoja na ya nyuma (ikikosea milimita chache tu cheni inakula meno na siku moja inaruka), kutafuta namna ya kebo ya klachi, na kubadili mfumo wa umeme. Ukimaliza una XL yenye sura ya XL na mwendo wa Boxer. Kwa fedha hizohizo silinda ya XL ingekuwa imeshakerezwa.

Ukiamua hivyo hivyo, basi injini ya zamani usiiuze. Ijaze oili, ziba matundu yote, iweke kwenye boksi mahali pakavu. Na soma swali la kadi huko chini kabla hujaanza, maana namba ya injini itakuwa imebadilika.

Fundi anataka kuondoa pampu ya oili kwenye DT. Nikubali?

Hapa ndipo ugomvi mkubwa wa vijiweni ulipo, na pande zote mbili zina hoja.

DT ni tu-stroku, yaani injini ambayo oili yake huungua pamoja na petroli. Yamaha walianza kuuza mfumo wa Autolube mwaka 1964: oili ina tangi lake, na pampu ndogo inaipeleka kwenye injini kulingana na mzunguko na jinsi unavyovuta mafuta. Suzuki nao wana mfumo wao kwenye TF125. Faida ni kwamba unajaza petroli tu na kwenda. Oili inatumika kidogo ukienda polepole na nyingi ukivuta, moshi unapungua, na plagi haichafuki ovyo.

Hoja ya fundi ni kwamba pampu ya miaka arobaini ikigoma haikuambii. Mrija wa plastiki umekauka na kupasuka, hewa imeingia, oili haifiki, na wewe unapanda kilima cha Pugu ukiwa umevuta mpaka mwisho. Pistoni inashika, gurudumu la nyuma linafunga. Ukiondoa pampu na kuchanganya oili ndani ya petroli, kila tone la mafuta lina oili yake.

Mimi ningeibakiza, kwa masharti: badilisha mirija yote, toa hewa kwenye mfumo, rekebisha kebo kwa alama iliyo kwenye pampu, na kwa tangi la kwanza la petroli changanya oili kidogo humo pia mpaka uone kiwango cha tangi la oili kinashuka. Kama pampu yenyewe imeliwa ndani na nyingine haipatikani, iondoe, ziba tundu vizuri, na uandike uwiano wa mchanganyiko kwenye kifuniko cha tangi ili hata atakayeazima ajue. Pampu mbovu itie kwenye boksi lilelile la vitu vya kutunza.

Sharti la mwisho: oili ya tu-stroku, siyo oili ya injini ya gari.

Umeme wa volti 6 niuache?

Pikipiki nyingi ndogo za Kijapani za miaka ya 1970 zina volti 6. Taa yake inamulika kama kibatari, na betri zake zinazidi kuwa adimu madukani. Hapa hata wapenda asili wengi wanakubali kubadili, kwa sababu hakuna anayeuona mfumo wenyewe ukiwa umefungwa.

Kupanda volti 12 si kubadili betri pekee. Balbu zote, honi, kifaa cha kupepesa indiketa na kidhibiti cha chaji vyote lazima viende pamoja. Koili ya taa mara nyingi hufikisha volti hizo injini ikishika mwendo, lakini ikiwa inanguruma polepole kwenye taa za barabarani itakuwa dhaifu. Tiba ni kuipeleka kwa fundi wa kusuka mota aisuke upya kwa waya mwembamba na mizunguko mingi zaidi. Mafundi hao wapo, na kazi ya koili ndogo kwao ni ya nusu siku.

Tahadhari kwa wenye pikipiki za Uingereza za miaka ya 1950: nyingi zina chanya ndiyo imefungwa kwenye fremu, siyo hasi. Ukifunga kifaa cha kisasa bila kujua hilo, kinaungua papo hapo.

Rangi na kromu: nifanye nini na unyevu wa Dar?

Chumvi ya bahari haimwonei haya mtu. Pikipiki inayolala nje Msasani, Kunduchi au Kigamboni itapata kutu mapema kuliko pacha wake aliyeko Dodoma, na kutu huanzia ndani, kwenye mabomba ya fremu na chini ya tangi.

Tuanze na kukwangua. Kupiga mchanga kwa hewa ya kasi ni njia nzuri ya kusafisha fremu, lakini uliza mchanga umetoka wapi. Mchanga wa ufukweni una chumvi, na chumvi hiyo inapigwa ndani ya chuma ulichotoka kukisafisha. Miezi michache baadaye rangi inavimba kama ndui. Pia vumbi la mchanga huo linaharibu mapafu, kwa hiyo fundi asiye na kinga ya maana anajiua polepole kwa ajili ya fremu yako. Namba ya chesi izibwe kwa utepe mzito kabla hajaanza; mchanga ukiifuta, umejinunulia kesi.

Rangi ipakwe kipupwe, Juni mpaka Agosti, hewa ikiwa kavu. Rangi za selulosi zikipakwa masika au siku yenye unyevu mwingi hutoka ukungu mweupe juu yake, na hapo ni kupiga msasa na kuanza upya. Pati isiwe nene. Tangi lililobonyea sana linyooshwe kwanza, pati iwe ya kumalizia tu. Rangi ya unga inayookwa kwenye tanuri ni ngumu na inafaa fremu, ila inang'aa kuliko ya kiwandani na inajaza maandishi madogo yaliyogongwa kwenye chuma.

Kromu ya kweli ni tabaka: mara nyingi shaba chini, nikeli katikati, kromu juu kabisa, nyembamba mno. Kazi yote iko kwenye kulainisha chuma kabla ya kuzamisha. Maji ya kromu ya aina ya zamani ni sumu kali, kwa hiyo usikubali kazi ya kwenye ndoo uani kwa mtu. Kromu ya kopo la kupulizia ni rangi ya fedha tu. Kama huwezi kupata kromu nzuri, ringi za magurudumu zilizopakwa rangi nyeusi safi ni heshima zaidi kuliko kromu inayobanduka.

Tangi limejaa kutu ndani.

Siki, au chumvi ya ndimu iliyoyeyushwa kwenye maji ya moto, jaza mpaka juu, acha usiku kucha, tikisa na vipande vya cheni ya zamani, mwaga, rudia. Kisha suuza kwa maji ya magadi soda ili kuua asidi, kausha haraka kwa hewa ya moto, na zungusha petroli yenye oili ndani ili chuma kisishike kutu tena jioni hiyohiyo. Weka chujio kabla ya kabureta.

Tangi likihitaji kuchomelewa, swali si bei, ni uhai. Tangi lililokaa tupu mwaka mzima bado linaweza kuwa na mvuke wa petroli na kulipuka. Lioshwe kwa maji moto na sabuni mara nyingi, na lichomelewe likiwa limejazwa maji mpaka karibu na tundu. Fundi anayecheka ukimwambia hivyo, chukua tangi lako uondoke.

Spea nitapata wapi?

Anzia Gerezani na mitaa ya Kariakoo, lakini usiende na jina la pikipiki. Nenda na kifaa chenyewe mkononi, kipimo, na namba ya spea. Namba za Honda zimepangwa vizuri: tarakimu tano za mwanzo zinasema ni kifaa gani (13101 ni pistoni), na zile tatu za katikati zinasema ni cha modeli ipi. Ukiwa nayo, unaweza kutafuta hata kwenye maduka ya Uingereza, Uholanzi au Thailand kupitia intaneti, na unajua unachoagiza.

Boksi lenye nembo ya Honda si ushahidi. Fungua, angalia maandishi kwenye kifaa, pima, linganisha uzito. Ukimkuta muuzaji mzee dukani, msalimie vizuri, kaa kwenye stuli, eleza unatengeneza nini. Vitu vya maana havipo mbele. Viko juu ya dari ya duka, na hapandi ngazi kwa mtu mwenye haraka.

Wenye Vespa na Royal Enfield wana bahati. India ilianza kutengeneza Enfield huko Madras katikati ya miaka ya 1950 na haijaacha, na Bajaj walitengeneza Chetak kwa muundo wa Vespa kuanzia miaka ya 1970. Spea nyingi za India zinaingia, ingawa nyingine zinahitaji kupigwa tupa kidogo.

Siti haina haja ya kuagiza. Tafuta fundi wa makochi Keko, mpelekee siti ya zamani na picha, mwambie mishono ifuate mistari ileile.

Kwa nini skrubu zote zinaharibika?

Kwa sababu bisibisi si yake. Skrubu za nyota za Kijapani za zamani zimekatwa kwa kipimo cha JIS, yaani viwango vya Japani, na bisibisi ya kawaida inapanda juu na kula kichwa. Nunua moja ya JIS. Pikipiki za Uingereza zina nati za Whitworth na uzi wa saikoli, vipimo vyao vya zamani vya inchi. Spana ya milimita itazizungusha pembe mpaka ziwe duara.

Petroli ya siku hizi haitaiua injini?

Risasi, ile madini iliyokuwa ikilinda viti vya vali, ilikwisha kuondolewa kwenye petroli ya nchi za Afrika kusini mwa Sahara mwaka 2006. Tu-stroku haina vali, haijali. Wajapani hawana shida. Mwingereza mwenye kichwa cha chuma cha kuyeyusha, pima nafasi ya vali mara kwa mara; ikiwa inapungua haraka, weka viti vipya vya chuma kigumu.

Ipi ni ghali zaidi?

Kurudisha, karibu siku zote, na ughali wote uko mwishoni. Kuifanya iwake na kutembea ni fedha inayohesabika. Kisha unakuta umebakiza kioo cha indiketa, mpira wa kukanyagia na stika ya ubavuni, na vitu hivyo vitatu, pamoja na usafiri na ushuru, vinakaribia bei ya kukereza silinda. Kubadili kunakuruhusu kusema "hiki kinatosha". Kurudisha hakukuruhusu.

Ila kubadili kuna ugonjwa wake: kila ukimaliza unaona kingine.

Fundi nimpate wapi, na tukubaliane vipi?

Hakuna fundi mmoja wa yote. Kuna wa injini, wa kukereza, wa umeme, wa rangi, wa kuchomelea, na kazi yako ni kuwa kiungo chao. Vijana waliopita VETA Chang'ombe mara nyingi wako vizuri kwenye mashine ya kukereza na kipimo cha mikromita. Mafundi wazee wa pikipiki wanajua kusikiliza. Unawahitaji wote.

Usipeleke pikipiki nzima na kusema "nitengenezee". Peleka kazi moja: silinda, kwa mfano, pamoja na pistoni yake mpya, ili ikerezwe kulingana na pistoni ile na si kwa kukisia. Lipa kwa hatua. Kilichofunguliwa kiingie kwenye mfuko wenye jina, na mifuko ikae kwako. Pikipiki iliyofunguliwa yote ikaachwa gereji mwaka mzima inapungua kidogo kidogo: leo kabureta imeazimwa, kesho sproketi imesaidia mteja mwenye haraka. Wala si lazima pawe na mwizi.

Na sema mapema unataka nini. Fundi wa bodaboda amefundishwa na kazi yake kurudisha chombo barabarani leo, kwa chochote kilichopo. Ni ujuzi mkubwa. Lakini kwa pikipiki unayoirudisha, bolti "inayoingia" si bolti yake. Mwambie, "Fundi, usipokiona, nisubiri," na ulipie huo muda wa kusubiri.

Kadi, TRA na trafiki?

Kadi ina namba ya chesi, namba ya injini na rangi. Ukibadili injini au rangi, pikipiki na kadi havifanani tena, kwa hiyo nenda TRA ukabadilishe taarifa, ukiwa na risiti ya injini uliyonunua. Injini isiyo na risiti, hata kwa bei ya kutupa, usiichukue.

Kama kadi ina jina la marehemu, anzeni na mirathi: msimamizi ateuliwe na mahakama, ndipo umiliki uhamishwe. Iliyokuwa na namba za serikali, za shirika la umma au za mradi, yaani STK, SU au DFP, iwe na karatasi za mnada. Bila hizo una mapambo ya sebuleni.

Kafe resa isiyo na madigadi, indiketa, vioo wala mahali pa namba inapendeza kwenye picha tu. Trafiki wa kwanza Morogoro Road atakusimamisha, na hutakuwa na la kujibu. Taa ya breki, vioo na namba inayosomeka havina mjadala, wala bima na kofia ngumu.

Breki za zamani ni salama?

Ni dhaifu, hata zikiwa mpya. Ngoma ya mbele ya XL ilitengenezwa kwa barabara za vumbi, si kufuatana na daladala inayosimama popote. Kuweka diski ni badiliko ninalolikubali ikiwa shokapu nzima ya mbele inafungwa bila kukata kitu. La sivyo, bandika lainingi mpya, kereza ngoma iwe duara, na acha nafasi kati yako na gari la mbele. Viatu vya breki vya zamani huenda vina asbesto: usipulize lile vumbi kwa hewa, lifute kwa kitambaa kilicholowa.

Ikiuzwa, ipi ina bei?

Kwa mnunuzi wa nje anayejua, iliyo kamili na ya asili. Kwa mnunuzi wa Dar, mara nyingi inayopendeza na kuwaka kwa kiki moja. Ikiwa imebadilishwa lakini boksi la vitu vya asili lipo, unaweza kuwauzia wote wawili. Boksi hilo lisikae stoo inayovuja.

Naweza kuifanyia bodaboda baada ya kuitengeneza?

Hapana. Kuna leseni ya LATRA, kuna spea ambazo hazipatikani saa nne usiku Mbagala, na kuna abiria ambaye utamkalisha kwenye siti ya kafe resa mpaka Tegeta. Huyo hatakupigia tena simu.